Tofali Jeusi na Maziwa ya Bihogo

Katika mtaa wa Mapendo, mjini Goma, watu wanajua mambo mengi, lakini mtu aliyejua kugandisha maziwa yakaganda kweli, kama yanavyoganda kule milimani Masisi, alikuwa mmoja tu: mama Pascasie Mukabalisa. Wanawake wengine walijaribu wakashindwa. Maziwa yao yalichacha juu, chini yakabaki maji, wakayanywa kimyakimya wao na watoto wao. Ya Pascasie yalitoka kwenye kibuyu mazito na meupe, na jirani aliyeyaonja mara moja alirudi kesho yake na kikombe mkononi, akijifanya amekuja kusalimu.

Walipomuuliza siri yake alijibu kwa upole, kama mtu anayejua thamani yake: "Iko mukono tu. Mukono ya mutu wa ng'ombe."

Wakaondoka wakiitazama mikono yao, maskini. Kumbe haukuwa mkono. Ilikuwa chaja ya kompyuta.

Lakini tusimwite mwongo kabla hatujamjua. Pascasie aliwahi kuwa na ng'ombe, tena si haba. Vita ilipopanda kilima chao, kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba: huyu godoro, yule sufuria, mwingine mbuzi mabegani. Pascasie alikimbia na binti yake wa mwisho, Alliance, na mgongoni alifunga kibuyu cha maziwa. Njiani kuelekea Sake watu walimcheka. Mtu anaacha nyumba na shamba, anaokoa maziwa?

Hawakujua yalikuwa maziwa ya nani. Yalikuwa ya Bihogo, ng'ombe wa rangi ya kahawia kama jina lake lisemavyo, mjukuu wa ng'ombe ambaye Pascasie alipewa siku alipoolewa. Maziwa yenyewe waliyanywa njiani, yakaisha. Kilichobaki ni kijiko kimoja hivi chini ya kibuyu, na hicho ndicho alichokuwa akikiokoa. Kwa maana anayegandisha maziwa haanzi na hewa: hubakiza kidogo ya jana ili yagandishe ya leo, na ya leo yagandishe ya kesho. Hiyo ndiyo mbegu. Basi Bihogo alibaki Masisi, na Mungu ndiye anajua aliliwa na nani, lakini mbegu yake ilifika Goma ikiwa hai.

Njiani Alliance alilia sana. Hakulilia nyumba, alilia ng'ombe, na hasa kwa sababu ya jambo moja. Kwao, siku binti anapotolewa mahari, mama humpa maziwa aliyogandisha mwenyewe, anakunywa mbele ya familia mbili, kisha anampa bwana wake. Dada zake wote walikunywa ya nyumbani. Pascasie alisimama katikati ya barabara, watu wakiwapita na magodoro yao, akamwambia: "Nyamaza. Na wewe utakunywa ya Bihogo siku yako. Mimi mama yako nasema." Ndipo wakaendelea kutembea.

Goma walifikia kwa mwanawe, Rémy. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na usiku baridi ilipanda kutoka kwenye mawe hayo kama vile ardhi imekasirika. Maziwa yakakataa. Pascasie alijaribu kuweka kibuyu karibu na mbabula, jiko lao la makaa. Jioni makaa yaliunguza, alfajiri yalikuwa majivu. Alijaribu blanketi. Alijaribu hata kulala nacho, akaamka kifua kimelowa. Alikaribia kukata tamaa.

Aliyemwonyesha njia ni paka.

Rémy kazi yake ni filamu za harusi. Vita au si vita, watu wa Goma wanaoana, na anayeoa anataka filamu. Kila jioni Rémy aliketi mezani na kompyuta yake, akikata hapa, akiunga pale, akitia muziki, kisha usiku aliiacha ikitengeneza filamu peke yake hadi asubuhi. Kompyuta ilikuwa mzee, na chaja yake mzee zaidi: sanduku jeusi refu kama nusu mkate, zito, lenye mkia wa waya mbele na mkia wa waya nyuma. Nyumbani waliliita tofali. Tofali likifanya kazi lilipata moto, si moto wa kuunguza, bali joto la tumbo la mnyama. Paka alikuwa ameshaligundua, akilala juu yake kila usiku kama mwenye nyumba. Pascasie alimwona, akaweka kiganja pale paka alipolala, akatulia kidogo. Halafu akamfukuza.

Tangu siku hiyo kibuyu kililala chini ya meza kikiwa kimefungwa kitenge pamoja na tofali, na kila asubuhi maziwa yakaamka yameganda. Rémy alidhani mama anakificha pale kisipigwe teke. Mke wake, Lucie, alidhani ni desturi ya Masisi, na mkwe mwenye adabu hahoji desturi. Majirani walisifu mkono, na Pascasie, ambaye vita ilimnyang'anya kila kitu cha kusifiwa, aliuacha mkono usifiwe. Nani angemlaumu?

Isipokuwa kugandishia wageni maziwa, hakuwa na kazi. Rémy na Lucie walimpenda, nao upendo wao ulikuwa wa kumkalisha. Akishika ufagio: "Mama, upumzike." Akishika ndoo: "Mama, umetumika kazi sana katika maisha yako, ukae." Alikaa. Alikuwa na viti viwili vya kukalia, na kwa siku alihama kutoka kimoja hadi kingine akifuata jua.

Sasa njoo kwa Lucie. Lucie ni mfanyabiashara, anavuka mpaka kwenda Gisenyi na kurudi, na ana macho ya kuona kinachomuuma mtu. Alikuwa ameona bega la Rémy. Kwenda harusini na pikipiki, kompyuta mgongoni na tofali ndani ya mfuko, kulimwinamisha upande mmoja. Mkanda wa mfuko ulikatika mara kwa mara. Kwenye kizuizi kimoja askari waliligeuzageuza tofali, wakalinusa, wakamwamuru alifungue, mpaka bibi harusi mwenyewe akaja kumtetea akiwa na gauni lake. Siku nyingine lilimponyoka likamwangukia parrain, msimamizi wa bwana harusi, mguuni, naye akacheza karamu nzima kwa mguu mmoja, na filamu ipo.

Basi jioni moja Lucie alirudi kutoka ng'ambo, akamwambia Rémy afumbe macho, akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa chaja mpya, nyembamba kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Rémy alifumbua macho, akakitazama, akamtazama mkewe, akakitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akazunguka nyumba yote akipiga kifua pale mfukoni, huku Alliance akimfuata na kuimba wimbo wa maharusi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Wote walicheka, Pascasie alipiga makofi pamoja nao, na alipiga kwa moyo wote, kwa kuwa bega lile alilizaa yeye.

"Na ile tofali?" aliuliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa.

"Nitaipatia Benny," Rémy alisema. "Yake iliungua, na machine yake iko sawa na yangu."

Benny alikuwa na kibanda pembeni mwa soko, cha kupiga fotokopi na kuandikia watu karatasi zao. Kesho yake asubuhi tofali likahama.

Jioni ile Pascasie aliingiza mkono chini ya meza akaigusa chaja mpya. Ilikuwa na joto la mkono wa mtu anayekusalimu bila kupenda. Aliifunga pamoja na kibuyu hivyo hivyo, akasali. Asubuhi maziwa yalimwagika kama maji. Siku ya pili yakawa na harufu. Siku ya tatu alimlaumu muuza maziwa, akamlaumu na paka. Usiache mbachao kwa msala upitao, alijisemea, lakini mbachao wenyewe haukuwa wake, na msala ulikuwa zawadi ya mkwe wake. Angesemaje? Kumwambia Lucie kwamba zawadi yake imeharibu kitu? Na kuwaambia Mapendo nzima kwamba mkono si mkono?

Jambo baya ni kwamba siku ya Alliance ilikuwa imefika. Jumamosi ile familia ya mchumba wake, Kamate, ingekuja kutoa mahari. Ni watu wa Butembo, wafanyabiashara, na kwa kuwa barabara ya kati ilikuwa imekatwa na vita, walikuwa wameshaondoka kwao kupitia Uganda na Rwanda, wakizunguka nchi mbili ili wafike mji wa nchi yao wenyewe. Watu wa namna hiyo huwezi kuwaambia warudi wiki ijayo. Na ndani ya kibuyu, kila usiku maziwa yalipokataa, mbegu ilizidi kudhoofika. Alhamisi Pascasie alichungulia akakuta imebaki kiasi cha kijiko. Ikishindwa mara moja tena, Bihogo amekwisha kabisa, na ahadi ya barabarani imekwisha naye.

Lucie alimwona ameinamia kibuyu. "Mama, usisumbuke. Tutanunua ya duka, iko muzuri, iko na sukari."

Alisema kwa wema. Pascasie aliitika kwa wema. Kisha akatoka nje, akakaa kwenye kiti cha jua la mchana, akalia kidogo, akajipangusa, akavaa viatu.

Benny alishangaa kumwona. "Mama Pascasie, karibu. Unataka fotokopi?"

"Hapana, mutoto wangu. Nakuja kuona ile tofali."

"Chargeur ya Rémy? Iko hapa, inatumika muzuri sana. Bila ile ningefunga mulango."

"Uniazime mpaka dimanche, siku ya kusali."

Benny alikuna kichwa. "Mama, na mimi nitatumika na nini? Rémy si iko na ingine ya kisasa?"

"Haiko ya Rémy. Iko ya mimi."

"Weye, mama? Unatumika na ordinateur?"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri fotokopi waligeuka kumwangalia. Pascasie alisogea karibu na meza, akaona tofali limelala chini pale, akaligusa kwa ncha ya vidole. Lilikuwa moto vilevile. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na yeye alikuwa na binti wa kuozesha. Akamwambia Benny yote: Bihogo, mbegu, paka, na ule mkono ambao si mkono. Aliyasema haraka na kwa sauti ya chini, na wateja walinyamaza ili wasikie vizuri.

Benny hakucheka mara moja. Bibi yake mzee, aliyemlea, alibaki kijijini Kiwanja, na tangu barabara ifungwe hakuwa amemwona. Alichomoa waya kutoka kwenye kompyuta yake, akaukunja polepole. Ndipo kicheko kilipomjia, akacheka hadi akaegemea mashine ya fotokopi.

"Uchukue, mama. Kesho vendredi nitafunga, nipumuzike kidogo. Lakini samedi, siku ya mahari, na mimi nitakunywa."

Pascasie alilibeba tofali nyumbani akiwa amelificha ndani ya kitenge, mgongoni, kama mtoto. Ijumaa asubuhi, Rémy na Lucie walipotoka, alilichomeka ukutani. Alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akayatia katika kibuyu juu ya kile kijiko cha mwisho, akafunga kila kitu pamoja kwa kitenge na blanketi. Akaketi sakafuni kando yake. Baada ya muda aliingiza mkono. Baridi. Akangoja. Baridi. Taa ndogo ya kijani juu ya tofali ilikuwa inawaka, kwa hiyo umeme ulikuwepo. Akalibembeleza, akalifunika zaidi, akaliita kwa majina yote ya ng'ombe aliyowahi kuwakamua. Rémy aliporudi kuchukua betri ya kamera alimkuta mama yake sakafuni, mkono mmoja ndani ya blanketi, machozi yakimdondoka hadharani.

"Mama, kuko nini?"

Siku ya kusema ikiwa imefika, imefika. Alimwambia yote kwa mara ya pili, na mara hii ilikuwa rahisi zaidi. Rémy alichuchumaa akafunua blanketi, akaona kibuyu cha utotoni mwake kimekumbatiana na tofali lake. Akaufuata waya wa mbele kwa vidole hadi mwisho wake, uliokuwa umelala sakafuni bila kuunganishwa na chochote.

"Mama," alisema taratibu, "haina kazi. Iko tu pale. Kitu yenye haina kazi inabakia baridi."

Pascasie alimtazama. Rémy naye aliyasikia maneno yake yalipokwisha kumtoka, akainamisha kichwa. Viti viwili vya jua vikawa vinawaangalia kutoka uani, mama na mwana.

"Basi," mama akasema, "uipatie kazi."

Na Rémy akaipatia. Alitoa kompyuta kwenye mfuko wa mgongoni, akachomeka tofali, akawasha kila kilichoweza kuwashwa. Aliiamuru itengeneze upya filamu ya harusi ndefu kuliko zote alizowahi kupiga, na pembeni mwake nyingine. Mwanga wa kioo cha kompyuta aliuweka juu kabisa. Lucie aliporudi alielezwa mlangoni. Akashika mdomo kwa mikono miwili, na Pascasie akaogopa kwamba habari za zawadi yake zimemuumiza. Hakuumia. Alikimbia kwa majirani akarudi na simu zao zote zilizoishiwa chaji, akazichomeka kwenye kompyuta, ili mzigo uongezeke. "Itumike!" alisema. "Ile yangu iko ya kubeba, hii iko ya maziwa. Kila moja na kazi yake."

Kufikia jioni tofali lilikuwa na moto ambao hata paka aliukumbuka, akaja, akafukuzwa. Filamu zilicheza, muziki ulijaza nyumba, Alliance akacheza mbele ya kioo na maharusi wasiomjua, na Pascasie akakaa kando ya blanketi akipiga makofi kwa mpigo. Furaha yake siku ile ilikuwa kubwa, na wala hakujaribu kuificha.

Jumamosi asubuhi walikusanyika wote. Pascasie alifungua kitenge, akafungua blanketi, akainamisha kibuyu juu ya bakuli. Hakikutoa kitu. Akakiinamisha zaidi. Maziwa yakatokeza mdomoni mwa kibuyu, yakasita, kisha yakaanguka pamoja kwa uzito wao wote. Alichota ncha ya kidole akaonja. "Iko yeye," akasema, na Alliance akamkumbatia kutoka nyuma.

Wageni walifika saa sita, wamechoka na barabara lakini wamependeza. Msemaji wao alikuwa muzee Kataliko, mtu mnene mwenye maneno laini. Mahari ilizungumzwa kwa mizaha yake yote, ikakubaliwa. Kwa mbali, upande wa Sake, mabomu yalisikika mara mbili tatu. Rémy akaongeza sauti ya muziki, na watu wakasogeza viti karibu. Kisha Pascasie akamletea Alliance maziwa. Alliance akanywa, akafumba macho muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akampa Kamate. Vikombe vikazunguka.

Muzee Kataliko alikunywa, akachungulia ndani ya kikombe, akanywa tena. "Mama," alisema, "sisi ni batu ya Butembo, tunajua biashara, hatujue sana mambo ya maziwa. Lakini hii najua. Basi tunaomba: huyu ng'ombe iko wapi? Tumuone, tumusalimie."

Alikuwa ametania kwa nia njema, mgeni hakujua. Lakini upande wa bibi harusi kila mtu alijua kwamba mama Pascasie hana ng'ombe, na Alliance alitazama chini. Majirani wenye vikombe walisubiri kusikia habari za mkono.

Pascasie alinyanyuka, akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amelipakata tofali jeusi, mikia yake miwili ikining'inia, na kwenye moja amefunga utepe mwekundu.

"Huyu hapa," akasema. "Rangi yake nyeusi, basi jina lake ni Sine. Bihogo alibakia Masisi. Mbegu ni yake, mulikunywa yake leo. Huyu alimupatia joto tu. Mukono wangu," na hapo akawageukia majirani, "mukono wangu ulijua tu kumufukuza paka."

Kilipasuka kicheko ambacho watu wa barabara kuu walikisikia. Muzee Kataliko aliinuka na, kwa heshima zote, akalipapasa tofali mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Benny, aliyekuwa kwenye kikombe chake cha tatu, alipaza sauti kwamba Sine ni wa zizi lake na lundi atarudi malishoni. Alliance aliondoka kwenda kwa mumewe na kibuyu kidogo, na ndani yake mbegu.

Jumatatu, hiyo lundi, Sine akarudi kweli kibandani kwa Benny, anakofanya kazi mchana kutwa. Rémy anaenda harusini na chaja yake ya sabuni mfukoni, bega limenyooka. Na kila asubuhi mama Pascasie anatoka na kibuyu mgongoni na fimbo mkononi, anakiweka kibuyu chini ya meza ya Benny, anaketi hapo hadi maziwa yagande, akiwapigia wateja soga na kuwauzia vikombe. Viti vya jua vimebaki uani, vinakaliwa na paka.

Majuzi mwanamke mmoja mgeni mtaani, mkimbizi aliyekuwa ametoka tu kufika, alimwona akipita juu ya mawe meusi na fimbo yake, mahali pasipo na jani hata moja.

"Mama, unaenda wapi na fimbo?"

"Naenda kuchunga," Pascasie alimjibu. "Kesho ukuje na kikombe."